Niliyoyasema Dukani kwa Twaibu

Kishanda, Muleba
23 Novemba 2025

Dada yangu mpendwa Georgina,

Shikamoo. Pokea salamu za hapa nyumbani, nawe uzigawe: kwanza kwa shemeji Elieza, kisha kwa watoto, na zitakazobaki ziwe zako. Mama ameniambia kwamba baridi ya Njombe mwaka huu ilikuwa kali hata ukashona sweta za watu huku wewe mwenyewe umejifunga blanketi. Pole sana. Je, kifua kimepona? Sisi huku hatujambo. Magoti ya mzee wetu Tata yanamsumbua akishuka kibanjani kwenye migomba, ila akishafika huko kumtoa ni kazi. Mama ni mzima. Kile kitenge cha kijani ulichomtumia alikivaa Jumapili iliyopita, akaenda kukaa benchi la mbele kabisa, yeye ambaye miaka yote hukaa karibu na mlango. Mvua zimekuja kwa wakati. Senene wameanguka mara mbili tu, na mara zote mbili Mama amewakaanga huku akisimulia jinsi ulivyokuwa ukitoroka kazi ya kuwanyonyoa mabawa.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia barua katika zama hizi za simu. Lakini wewe ndiye mtu mmoja duniani ambaye sina haja ya kumweleza hilo. Simu ikiita, mimi huitazama mpaka inyamaze yenyewe. Na ujumbe wa maneno matatu hautoshi, kwa sababu ninayo mengi ya kukushukuru na moja zito la kukuambia, na ninataka uyapate kama yalivyofuatana.

Mwaka juzi Tata alinikabidhi kahawa zote za upande wa chini, zile kuukuu alizozikuta kwa babu. Nilihudhuria mafunzo ya siku nne pale Muleba mjini, tukafundishwa namna ya kuikata kahawa iliyozeeka ili ichipue upya, na namna ya kupambana na mnyauko wa migomba. Zangu zilipochipua, wenzangu wa kikundi wakaanza kuja kuuliza. Unajua inavyokuwa. Mtu anauliza swali la dakika moja, nami namwonyesha kwa mikono kama bubu, na yeye kwa huruma anaitikia kwamba ameelewa, kisha anakwenda kukata pasipostahili. Nikaandika maelezo kwenye karatasi, nikawagawia. Mama Alistidia, jirani yetu wa kule bondeni, akaniambia kwa upole kwamba miwani yake ilivunjika siku nyingi. Wengine hawakusema kitu, ila karatasi zangu nilizikuta gengeni zimefungiwa karanga.

Hapo ndipo nikaanza kujirekodi kwa simu. Nikiwa peke yangu kigugumizi hunikwamisha kidogo kuliko mbele ya watu, lakini ninakwama. Basi nilikuwa nasema sentensi moja mara kumi, mara ishirini, mpaka itoke nzima, kisha naziunganisha zile nzima kwa programu ya kwenye simu. Dakika sita za kueleza mnyauko zilinichukua siku tatu. Neno "kahawa" sikulithubutu kabisa. Kila mahali nilisema "akamwani", kwa kuwa Kihaya hunianzishia na ile "a" nami napita. Nikatuma rekodi kwenye kundi letu la simu, na safari hii watu walisikiliza. Mama Alistidia alivunja maua dume ya migomba yake kwa mti wenye panda badala ya panga, kama nilivyoeleza, na tangu hapo hajapoteza mgomba mwingine.

Sijui nani aliipeleka rekodi ile Bukoba, lakini ilimfikia Annastella, mama mmoja anayeandaa kipindi cha wakulima redioni. Akaniandikia kwamba maelezo yangu ni mazuri na angependa dakika kumi kila Jumamosi, ila kwa sauti ile hawezi kunirusha hewani. Alisema kuna upepo, kuna kelele za bati, na kuna jogoo anayeanza kuwika halafu anakatwa katikati, tena mara nne. Akauliza jogoo huyo hupatwa na nini. Tena akanisifu kwa kuchomeka akamwani katikati ya Kiswahili, akidhani ni mbwembwe zangu za utangazaji. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya, kwa sababu yule jogoo alikuwa amenianika. Kila alipokatwa, mimi ndimi niliyekuwa nimekwama na kukata. Sikumweleza Annastella hilo. Alinishauri nitafute maikrofoni ya kondensa, ya bei ya kawaida, kama wanazotumia watu wanaorekodi nyumbani. Nami nikaitaka haraka, na nitakuambia ukweli, sikuitaka kwa ajili ya wakulima. Niliitaka ili viungo vya sentensi zangu visisikike.

Nilikwenda kwanza Kashozi kwa mzee Kahangwa, mwalimu wa kwaya, ambaye amewahi kuirekodi kwaya yake mwenyewe bila kwenda studio. Alinipokea vizuri sana. Aliniandalia chai, akanitolea maikrofoni zake mezani kama mtu anayeonyesha picha za watoto wake. Akaeleza kwamba zile za jukwaani zina masikio mazito, zinataka uziweke mdomoni ndipo zisikie, wakati kondensa husikia kila kitu, hata vile usivyotaka. Kwa hiyo, akasema, kabla hujanunua kondensa nunua kimya. Alimaanisha chumba. Niweke magodoro na mablanketi kutani, nikae mbali na bati, kwani kondensa nzuri ndani ya chumba kibaya itakurekodia ubaya wa chumba kwa ufasaha. Akanionya pia juu ya zile zinazouzwa mitandaoni zikiwa zimepakwa dhahabu, na mkono wa chuma, na kichujio cha mbele ya mdomo, vyote ndani ya boksi moja, ambazo ukizifungua hazina kitu tumboni. Na kwa kuwa sina kile kisanduku cha kuzipa umeme, nitafute inayochomekwa moja kwa moja kwenye simu au kompyuta. La mwisho alinisisitizia mara mbili: nisinunue kwa picha wala kwa sifa, nikaijaribu kwa sauti yangu mwenyewe, na kwanza nirekodi ukimya, nisikilize ukimya huo unalia namna gani.

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nilitamani kumwambia kwamba kujaribu kwa sauti yangu mwenyewe, dukani, mbele ya watu, ndilo jambo ambalo ningelipa ili nisilifanye. Lakini kulisema nako kulihitaji sauti.

Bukoba niliingia duka la kwanza, kubwa, lenye televisheni ukuta mzima. Kijana wa mauzo akaniuliza nataka nini. Nikaanza kusema kondensa, ikagoma kwenye "ko". Akanisaidia: kompyuta? Nikatikisa kichwa, nikaanza upya. Kofia? Koti? Wateja wawili wakageuka. Mwishowe nikaonyesha mdomo wangu kwa kidole, naye akafurahi, akaniletea maikrofoni ya karaoke yenye taa za rangi, inayowaka kila unapoimba. Dada, nilikaribia kuinunua. Wewe unajua ni vitu vingapi nimebeba kwenda navyo nyumbani maishani mwangu kwa sababu kubeba kitu kisicho chenyewe ni rahisi kuliko kurudia neno. Nikajikuta nimegeuza shingo upande wa kushoto, ambako ulikuwa ukisimama kunisemea. Umri wangu miaka ishirini na tisa, na shingo bado inakutafuta. Hukuwepo, nikamrudishia taa zake nikatoka.

Kwenye barabara ya nyuma, karibu na mafundi redio, nikaona kiduka chembamba chenye magitaa mawili dirishani. Mwenyewe anaitwa Twaibu, mtu mzima mwenye ndevu za kijivu, alikuwa akichomelea nyaya. Nikaanza neno langu. Likagoma. Yeye akaendelea na kuchomelea kwake. Hakuniangalia mdomoni, wala hakunimalizia, wala hakuweka ile sura ya huruma. Neno lilipotoka, akaweka chombo chini, akajibu kama vile hapakuwa na kilichochelewa: anazo tatu za bei ya mtu wa kawaida, nizijaribu.

Akazichomeka kwenye kompyuta yake moja baada ya nyingine, akanionyesha pa kubonyeza, akanivalisha hedfoni. Akasema niseme lolote. Nikakaa. Adhana ya adhuhuri ikasikika, na Twaibu akachukua kofia yake. Nikainuka nitoke. Akanizuia, akasema maneno ambayo nimeyakumbuka mpaka leo: "Wewe baki. Mimi nakwenda kuswali. Nitarudisha mlango, hakuna atakayeingia. Zijaribu zote tatu, usifanye haraka." Mtu ambaye hakunijua hata jina akaniachia duka lake zima.

Nilirekodi ukimya kwanza, kama alivyoniagiza mzee Kahangwa. Kisha ikabidi nizungumze. Nilihesabu, nikakwama kwenye tano. Nikasali Baba Yetu, ikatoka yote bila mkwaruzo, lakini sala nimeikariri tangu utoto, haikwami kamwe, haifai kupimia. Nilihitaji maneno yangu mwenyewe. Na yaliyokuja, kana kwamba yamepanga foleni miaka mingi, yalikuwa jambo moja ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata padre kitubioni. Nikayasema kwenye maikrofoni ya kwanza. Nikayasema tena kwenye ya pili, na kwenye ya tatu. Ni yapi, utayasoma hapa chini, maana ni yako.

Nikaketi kuzisikiliza. Ile ya kwanza ukimya wake ulikuwa kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Ya pili, iliyokuwa ghali kuliko zote, ilininenepesha. Nilisikika kama mtangazaji wa mpira, na pikipiki zote za nje zilikuwamo. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, haina urembo. Ndani yake nilijisikia nikimeza mate. Nilisikia pumzi ninayovuta kabla ya neno gumu. Nikagundua kwamba kwa kuwa ilikuwa ikinisikia hata nikinong'ona, sikuwa nimeisukuma sauti, na kwa kuwa sikuisukuma, maneno mengi yalipita. Twaibu aliporudi hakuuliza nimeipenda ipi. Aliuliza ni ipi nimejisikia mwenyewe ndani yake. Nikaishika ile nyeusi. Nikamwomba afute nilichorekodi, naye akakifuta mbele ya macho yangu bila kukisikiliza, akanifungia mzigo kwa gazeti na plastiki ili mvua isiuguse. Kila nikisali sasa namtaja, ingawa yeye ana sala zake.

Nyumbani niligeuza stoo ya kahawa kuwa studio. Mama alitoa godoro la wageni bila kuulizwa, akakishonea chumba pazia la magunia. Mvua ikianza nasitisha, maana bati hili hakuna blanketi linaloliweza, na jogoo nimemhamishia kwa Mama Alistidia. Kipindi cha kwanza kilirushwa Jumamosi ya tarehe nne Oktoba. Sitakudanganya kwamba sikwami tena. Ninakwama, na bado ninakata, ila kidogo kuliko zamani, na Annastella hajui viungo viko wapi. Lakini kahawa naitamka sasa. Wazee wawili wa Muleba wamenitumia salamu kupitia redio, na mwenyekiti wa kikundi ameniomba niwe katibu wa mafunzo. Moyo wangu umejaa shukrani, na kila nikizihesabu shukrani hizo, ya kwanza ni yako. Ulinisemea dukani, shuleni, kwa daktari, kwa padre wa komunyo ya kwanza. Ulipigana na watoto wa Kahigi walioniigiza. Hukuwahi hata siku moja kunionyesha kwamba umechoka.

Sasa nifike pale ninapoogopa.

Siku ya kipindi cha kwanza, Tata alikuwa mkekani akichambua kahawa, redio pembeni. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaipunguza sauti, akasema bila kuniangalia: "Yule msichana nilimnyima shule kwa ajili ya mdomo huu. Nilidhani nafanya vyema." Akaendelea kuchambua.

Unakumbuka Januari ya mwaka 2008. Ulikuwa umechaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule ya bweni ya wasichana, wa kwanza katika ukoo wetu. Tranka lilikuwa limenunuliwa, shuka mbili mpya, ndoo, na sare Mama alikuwa ameiandika jina lako kwa uzi mwekundu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Zikiwa zimebaki siku tano uondoke, niliacha kusema kabisa. Hata neno la kukwama halikutoka. Wakanipeleka zahanati, wakanipeleka kwa padre akaniombea, Mama akalia siku nzima jikoni. Daktari akasema pengine ni hofu ya kuachwa na dada. Ndipo Tata akaamua ubaki, usome shule ya kata iliyokuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, ambayo ilikuwa na walimu watatu na haikuwa na hata mmoja wa sayansi. Ulifungua tranka wewe mwenyewe. Ulimpa Mama zile shuka, ukasema ni nzuri mno kwa kitanda chako. Siku tatu baadaye nikasema, na nyumba nzima ikamshukuru Mungu.

Dada, nilikuwa ninaweza kusema siku zote zile. Hili ndilo nililoziambia maikrofoni za Twaibu. Kila jioni nilishuka chini kabisa ya kibanja, kwenye shimo la mbolea, nikazungumza peke yangu kuhakikisha sauti ipo. Ilikuwepo. Nilisikia daktari akisema nilivyotaka aseme, nikazidi kufunga mdomo. Nilijua ninachofanya. Sikujua kitakugharimu nini, lakini nilijua ninachokichukua ni chako. Ulitaka uuguzi. Ulikuwa ukiwafunga ndama vidonda kwa vitambaa ukiwaita wagonjwa wako. Leo unashona sweta za watoto wa shule huko kwenye baridi, na hujawahi kuuliza kwa nini kaka yako alipona haraka vile.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Chukua muda wako wote. Tata bado sijamwambia. Nimetaka ulijue wewe kwanza. Ukisema nimwambie, nitamwambia, na nitamwambia kwa mdomo.

Barua hii anakuletea Restituta, binti wa shangazi, anayekuja huko kumwangalia mumewe kazini. Ndani ya bahasha kuna kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu, nimeifunga kwa karatasi ya sigara. Humo nimekusimulia haya haya kwa sauti yangu, kwenye maikrofoni ile, kwa sababu niliona si haki kumkosesha sauti hiyo mtu aliyeilipia. Sikukata hata mahali pamoja. Maneno yenyewe yangetosha dakika nne. Rekodi ni ya dakika kumi na moja. Kuna sehemu panakuwa na kimya kirefu hata utadhani kadi imeharibika. Haijaharibika. Ni mimi.

Msalimie sana shemeji, na umwambie mbegu za kahawa alizoomba zitakuja mvua zikipungua. Watoto wabusu kila mmoja kwa jina lake. Mama anasema kifua ukipake mafuta ya moto usiku na usishone ukiwa umekaa penye upepo. Tata hakuagiza neno, ila ameniuliza mara mbili kama nimekwisha kuandika.

Mungu akutunze, na Bikira Maria akufunike.

Ni mimi mdogo wako,

Mugisha Protase